Ukiiaga dunia kwa roketi, kuzimu unamwachia nani?

Wiki mbili zilizopita nilikuwa Langas, kile kiunga kikubwa cha Eldoret kilicho upande wa barabara iendayo Kapsabet na Kisumu. Jirani yangu wa zamani, fundi wa cherehani, alikuwa amefariki. Ilikuwa usiku wa tatu wa matanga. Tumeketi kwenye viti vya plastiki nje ya ploti alimokuwa amepanga, na daftari la michango linazunguka. Jeneza lilikwisha kulipiwa. Kilichopungua kilikuwa nauli ya marehemu mwenyewe, yaani gari la kumfikisha kwao Busia.

Mpwa wake, kijana anayesomea uhandisi, akauliza swali ambalo wengi wetu tulikuwa nalo moyoni ila tuliona haya kulitamka. "Kwani mchanga wa Eldoret una makosa gani? Si makaburi ya umma yapo?" Wazee wakakohoa. Kijana akaendelea kama aliyefunguliwa bomba. "Miaka mia ijayo watu watakuwa wanaishi Mirihi. Mtachanga nauli ya kutoka Mirihi hadi Busia? Haya mambo yote, kanisa, matanga, sijui mizimu, yataisha tu. Prof, si ni hivyo?"

Nikafanya kosa wanalofanya maprofesa wakiulizwa jambo la maana mbele ya watu: nikajibu kwa maneno ya kuchekesha. Nikasema kwamba wasomi wamekuwa wakikitabiri kifo cha dini tangu karne ya 19, na dini imewazika wote. Watu wakacheka. Kijana hakucheka. "Prof, dini gani hiyo unayofurahia kwamba haifi? Ile ya Shakahola?"

Hapo pakawa kimya. Nani asiyekumbuka mwaka 2023, miili zaidi ya 400 ikifukuliwa katika msitu ule wa Kilifi, ya watu walioambiwa kwamba kufunga hadi kufa ndiyo njia ya kwenda kwa Mungu? Sikuwa na jibu. Aliyejibu ni mama mkwe wa marehemu, bibi aliyekuwa amejitanda leso pembeni. "Mjukuu wangu, mimi huko kwenu Mirihi sikujui. Nauliza tu. Huyo mtu akifia huko, nani atamwonyesha mwanawe pale alipolala?"

Nimerudi nyumbani na maswali hayo mawili, la kijana na la bibi. Kwa kuwa mimi ni mtu wa fasihi, nimeyapeleka rafuni kabla ya kuyapeleka kwingine. Nikaitoa Walenisi ya Katama Mkangi.

Wasomaji wengi wa ukumbi huu wanaifahamu. Ilitoka 1995. Mkangi alikuwa mwanasosholojia mzawa wa Pwani yetu, aliyewekwa kizuizini mwaka 1986 katika enzi za Mwakenya, akafariki 2004. Shujaa wake, Dzombo, anaishi katika nchi ya watawala dhalimu. Anahukumiwa kifo, na chombo cha kumwulia ni cha ajabu: anarushwa angani. Badala ya kufa anafika kwenye sayari nyingine, Walenisi, ambako watu wameushinda unyonyaji na wanaishi kwa usawa. Jina la sayari ukilikata vipande linajieleza: wale ni sisi.

Nimeifundisha riwaya hii kwa miaka mingi nikiisema ni riwaya ya siasa, basi. Roketi niliiona kama gari la kukodi la kumtoa mwandishi Kenya ili aiseme Kenya bila kukamatwa tena. Nikiri pia kwamba sikuwahi kuipenda sana. Wenyeji wa Walenisi wanafundisha mno. Ziko kurasa ambapo mhadhiri wa sosholojia amemnyang'anya mtunzi kalamu, na Dzombo anabaki kuwa mwanafunzi wa darasa la jioni. Lakini safari hii niliisoma nikiwa na sauti ya yule kijana masikioni, na nikaona jambo ambalo nilipaswa kuliona zamani, kwa sababu ni jambo la lugha.

Katika Kiswahili, mtu akifa tunasema ameiaga dunia. Tunasema pia amefariki dunia, na kufariki asili yake ni neno la Kiarabu la kuachana. Sasa mtazame Dzombo. Amehukumiwa kufa, na hukumu hiyo inatekelezwa kwa kumfanya aiache dunia kimwili, kwa chombo, akiwa hai. Mkangi ameuchukua msemo wetu wa matanga akaugeuza kuwa kisa. Dzombo ameiaga dunia kweli, na ng'ambo ya pili akakuta nchi isiyo na dhuluma. Hebu niambie, msomaji wangu, kisa hicho ulikisikia wapi mara ya kwanza? Mtu asiye na hatia anahukumiwa na wakubwa, anauawa, anapaa juu, anafika mahali ambapo machozi yamekwisha. Mkangi hakuhitaji kumweka padri wala shehe ndani ya chombo. Dini ilishapanda mapema, imekaa kwenye mkao wa hadithi yenyewe.

Na si hadithi tu, hata msamiati. Neno dunia lilipotufikia kutoka Kiarabu lilikuwa na maana ya kilicho karibu, kilicho chini. Ni neno lililozaliwa pacha. Pacha wake ni ahera. Huwezi kusema dunia bila kumwita yule mwingine kwa mbali. Kupaa nako ni hivyo hivyo: ndege hupaa, roketi hupaa, na Wakristo wana sikukuu ya Kupaa. Ni kweli kwamba wasemaji wamejaribu kugawa shamba. Setilaiti ya Kenya ya Taifa-1 iliporushwa Aprili 2023, redio zilisema imerushwa angani. Hakuna mtangazaji aliyesema imerushwa mbinguni. Angesema hivyo, wahandisi wake tungewachangia pole. Anga tumewaachia wahandisi, mbingu tumembakishia Mungu. Huo ni ugawaji wa busara, na umefanywa na watu wa kawaida bila kamati ya istilahi.

Niruhusu niseme jambo moja la kando. Kilifi anakotoka Mkangi ndiko kuliko na Ngomeni, karibu na Malindi, ambako Waitaliano walijenga jukwaa la San Marco baharini na kuanza kurusha setilaiti mwaka 1967. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, palirushwa hapo setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota, ikapewa jina Uhuru kwa heshima ya siku hiyo. Vipimo vyake vilisaidia kuonyesha kwamba kitu kinachoitwa Cygnus X-1 huenda ni shimo jeusi. Kwa hiyo tusidhani kwamba roketi katika riwaya ya Mpwani ni kitu alichoazima kwenye sinema za wazungu. Roketi zilipaa juu ya mikoko ya nyumbani kwao.

Haya, turudi kwenye hoja. Je, dini itaisha binadamu akihamia angani? Kwa upande mmoja tuna ushahidi, kwa sababu watu wamekwisha kwenda na dini zao. Usiku wa kuamkia Krismasi mwaka 1968, wanaanga wa Apollo 8 walisoma Kitabu cha Mwanzo wakiuzunguka mwezi. Mwaka uliofuata Buzz Aldrin alishiriki meza ya Bwana juu ya mwezi wenyewe kabla ya kukanyaga vumbi lake. Huko Baikonur, kutoka alikorushwa Yuri Gagarin mwaka 1961 na dola iliyofundisha kwamba hakuna Mungu, siku hizi padri wa Kiothodoksi huinyunyizia roketi maji ya baraka.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni wa Malaysia. Mwaka 2007 daktari Sheikh Muszaphar Shukor alikuwa anakwenda kwenye kituo cha kimataifa cha anga za juu, na ilikuwa Ramadhani. Kituo kile huizunguka dunia kwa muda wa dakika 90 hivi, yaani jua huchomoza na kutua mara 16 kwa siku. Je, aswali mara 80? Maulamaa wa Malaysia waliketi wakatoa mwongozo: siku yake ni ya saa 24, na nyakati za swala zifuate mahali aliporukia. Kibla? Aielekee Kaaba akiweza. Asipoweza, aelekee usawa wa Kaaba huko juu. Asipoweza, aielekee dunia. Na asipoweza kabisa, aelekee popote. Nilipousoma mwongozo huo nilitabasamu. Hiyo ni fikihi ya msafiri, ileile iliyomsaidia nahodha wa jahazi kati ya Muskati na Lamu, ila sasa imepewa urefu zaidi. Dini yenye kitabu na msafiri ndani yake haiwezi kubabaishwa na safari.

Hata wanaobuni dini mpya ya angani hubuni ya aina hiyohiyo. Mmarekani mweusi Octavia Butler, katika riwaya yake Parable of the Sower ya 1993, anamwonyesha binti wa mhubiri akianzisha imani ambayo lengo lake kuu ni kuwapanda wanadamu kati ya nyota. Na binti huyo anafanya nini kwanza? Anaandika aya. Anatunga kitabu.

Kwa hiyo kijana wetu wa Langas nadhani amekosea kuhusu mbingu. Roketi haiitishi mbingu hata kidogo. Ila Kiswahili hakina anwani moja tu ya wafu. Kina mbili. Iko ahera, na pepo, tulizokuja kuzifahamu kwa vitabu. Na iko kuzimu, neno letu la Kibantu lililo kongwe kuliko minara na misalaba yote ya Pwani. Kuzimu hakukuwa jehanamu kabla ya wafasiri kupafanya hivyo. Palikuwa mahali pa mizimu, yaani waliotutangulia, na palikuwa chini. Chini ya miguu, chini ya mgomba, nyuma ya nyumba. Wafu wa Kibantu hawakupaa. Walilala.

Imani hiyo ya chini ndiyo isiyosafirika. Wagiryama huchonga vigango, nguzo za mbao za kumkumbuka marehemu mwenye hadhi, na kigango kikishasimikwa hakipaswi kung'olewa. Tunajua kilichotokea: vimeibwa kwa mamia, vikauzwa kwa watalii, vikaishia kwenye makumbusho ya Marekani. Mwaka 2007 viwili vilirejeshwa kutoka huko kwa wenyewe. Walioviona kule walisema ni sanaa nzuri, na kweli ni sanaa nzuri. Kwa familia iliyoibiwa hiyo ilikuwa baba aliyeondolewa mahali pake. Linganisha na Biblia, ambayo ukiiacha hotelini utapata nyingine kwenye droo ya hoteli inayofuata.

Huku kwetu Uasin Gishu mambo ni magumu zaidi. Kwa Wakalenjin, jina la Mungu, Asis, na jina la jua ni mzizi mmoja. Wazee waliomba alfajiri wakielekea mashariki. Mtu anayeishi Mirihi bado atalipata jua, dogo na hafifu zaidi. Lakini mpeleke mbali zaidi, kwenye nyota nyingine, na jua letu litakuwa nukta moja miongoni mwa nukta. Maulamaa wa Malaysia wangetoa mwongozo mwingine. Wazee wa hapa wangeuliza kwanza kwa nini umekwenda mahali ambapo Asis hachomozi.

Ndipo nikarudi kwenye jina la shujaa wa Mkangi, na hili ndilo lililonikosesha usingizi. Dzombo ni jina la mlima huko Kwale, wenye msitu wa kaya, mahali patakatifu pa Wamijikenda. Awe mwandishi alikusudia au hakukusudia, amekipandisha chomboni kipande cha kuzimu. Amemrusha angani mtu mwenye jina la mlima usioweza kung'olewa. Ilinijia kwamba udhaifu niliokuwa nikiulalamikia darasani, ule ukavu wa Walenisi, huenda hautokani na wingi wa mafunzo. Unatokana na kwamba Dzombo ametua mahali ambapo yeye hana mizimu. Anakubaliwa, anafundishwa, anapendwa. Lakini ardhi ile haina mtu wake hata mmoja chini yake. Msomaji anahisi wepesi huo, kama nyumba isiyo na msingi, na anaulaumu mtindo.

Mweke Mkangi kando ya Kezilahabi uone. Mzingile ya 1991 pia ni riwaya ya dunia iliyoharibika na ya safari ya kutisha, na humo msimulizi anatumwa kumpasha mzee mmoja habari za kifo cha mwanawe, mzee ambaye msomaji hakawii kumtambua. Kezilahabi, aliyepitia seminari, anamshusha Mungu hadi awe mzee mpweke wa kutembelewa kwa miguu. Wengi wameisoma kama riwaya ya kumzika Mungu. Mimi naiona na uzito kuliko Walenisi, na uzito wenyewe unatoka kwenye udongo: safari ni ya kupanda mlima na kushuka, habari inayobebwa ni ya msiba, na mbebaji ana miguu inayouma. Anayetaka kuandika upya safari ya Dzombo angepaswa kuiba kitu hapo.

Sasa niseme la Sisibo, maana huwezi kuandika kuhusu wahamiaji na dini ukiwa Eldoret bila kulitaja. Mji huu ulianza kama shamba nambari 64, ndiyo maana wazee bado huuita Sisibo. Mwaka 1908 Makaburu kutoka Afrika Kusini walipanda uwanda huu kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe. Kwao, nchi hii ilikuwa Mirihi. (Kwamba Mirihi hiyo ilikuwa na wenyewe hawakulitilia maanani.) Walikuja na Biblia ya Kiholanzi, wakajenga kanisa. Uhuru ulipokaribia, wengi wao wakafunga virago wakaondoka. Waliacha kitu ambacho hawakukipanga: kanisa lililotokana na misheni kwa vibarua wa mashamba yao, ambalo leo ni Reformed Church of East Africa, makao yake makuu yakiwa papa hapa Eldoret. Mhamiaji aliondoka, dini yake ikabaki na watu ambao hakuwahi kufikiri kwamba watakuwa wenye kanisa. Makaburi ya Makaburu nayo yamebaki. Hakuna wa kuyapalilia.

Hilo la makaburi ndilo lililonirudisha Langas. Watu wa Langas nao ni wahamiaji. Wametoka Busia, Siaya, Vihiga, Turkana, Murang'a, Nandi, na kila kikundi kilipofika kilijenga kanisa la mabati kabla hata ya kupata maji. Hiyo ni dini ya juu, na ukipita Jumapili asubuhi, kwa vile vipaza sauti vinavyoshindana, utajua haijambo. Dini ya chini ndiyo inayopigania nauli. Kila mchango wa kusafirisha maiti ni ushuru ambao watu maskini wanajitoza wenyewe ili kuzimu kusikatike. Na kila familia inayoshindwa, ikazika hapa mjini, inaanza kuishi ule mustakabali aliouzungumzia kijana. Hatuhitaji kungoja roketi. Yuko mtoto Langas leo ambaye Busia kwake ni jina tu, kama vile Mirihi ilivyo jina.

Nasikia Shakahola ikinigonga begani. Kijana aliuliza ni dini gani ninayotaka isalimike, na si haki nimkwepe mara mbili. Jibu langu ni hili, na si la kumridhisha. Wale waliokufa msituni waliuawa na dini ya juu peke yake, dini iliyoipuuza dunia mpaka chakula kikawa dhambi. Kwa fundisho lile mwili ulikuwa ganda la kutupwa. Bibi mwenye leso, ambaye bila shaka ni Mkristo na huenda ana kadi ya kanisa, asingekubali fundisho hilo hata siku moja, kwa kuwa anataka kujua mtu amelala wapi. Ninachohofia kuhusu binadamu wa angani si kwamba hataomba. Ataomba sana, katika chombo kilichofungwa, hewa ikipimwa na kiongozi mmoja, bila jirani wa kuuliza kwa nini watoto hawali. Mkangi, aliyekijua kizuizi, angelielewa hilo upesi kuliko mimi.

Pesa zilitimia saa saba usiku. Gari liliondoka alfajiri, na nilimwona kijana akiingia nyuma kukaa karibu na jeneza, laptopu mgongoni. Sikumwuliza kitu. Juzi kanitumia ujumbe kutoka chuoni. "Prof, mtu akifia Mirihi, Kiswahili kitasema ameaga nini?"

Sijamjibu bado. Nimeandika "ameiaga Mirihi" nikafuta, kisha "ameiaga dunia" nikaona kwamba hilo alilifanya siku aliyopanda roketi.